Swali la Kumi na Saba

Kiswahili changu ni cha jikoni.
Nilifunzwa na bibi, aliyeihamisha Wete nzima hadi Maskati
pamoja na mbuzi yake ya kukunia nazi:
maneno ya kupepeta, kuchambua, kukaripia watoto.
"Ukaguzi" sikulijua mpaka mwaka huu,
nilipoajiriwa siku tatu, huko Ibri,
kumfasiria Bwana Henrik karatasi zake.

Kabla hatujafika niliona nilichodhani ni ziwa.
Vioo. Vimelala chali, safu baada ya safu,
vinalishwa jua kama makinda midomo wazi.

Kontena lina kiyoyozi. Meza, viti vitatu,
chupa za maji zinazotoka jasho,
fomu yenye maswali arubaini
na visanduku viwili viwili.
Ndiyo. Hapana.

Akaingia wa kwanza, Nyawa Mwakoyo wa Kinango,
mwosha vioo, zamu ya usiku.
Akaketi kwenye ncha ya kiti
kama aliyekuja kuposa na hajui mahari.

Swali la tatu: pasipoti yako unayo?
"Imehifadhiwa."
Na nani?
"Na droo."

Swali la tisa: ulilipa chochote ili upate kazi?
Akacheka, si kwa furaha.
"Ng'ombe wawili. Na deni la wakala,
ambalo mwezi huu limezaa kuliko ng'ombe."
Nikahangaika pa kuwaweka ng'ombe kwenye Kiingereza changu.
Bwana Henrik akasema hawa si wafanyakazi wa kampuni,
ni wa mkandarasi wa mkandarasi.
Akaandika: Haihusiki.

Swali la kumi na saba:
maji safi yapo karibu na mnapofanyia kazi?

"Yapo."

Kalamu ikaenda kwenye Ndiyo.

"Yapo, dada. Lori huja kila magharibi,
maji matamu, hayana chembe ya chumvi.
Chumvi huacha madoa, na kioo chenye madoa
hakizai umeme. Twasugua kwa brashi ndefu hadi alfajiri.
Sisi twanywa ya kisima, kule kambini.
Chai haikubali sukari. Alphonce kalazwa, mawe ya figo.
Usiku mmoja nililamba brashi.
Msimamizi akanikata riyali tano."

Kiyoyozi kikanguruma.
Nikafasiri yote, hata brashi, hata riyali.
Bwana Henrik si mtu mbaya: alivua miwani,
akaisugua kwa shati, akaivaa tena.
Akasema polepole, kama anayemsomea mgonjwa dawa,
kwamba swali linauliza kama maji yapo karibu.
Alama ikabaki pale pale.

Ukurasa wa mwisho una mstari wa mfasiri:
jina, sahihi, tarehe.
Bibi akikuta changarawe kwenye mchele
hakusema na mtu. Alimimina sinia lote upya.
Nikaandika jina, Thuwaiba binti Khalfan,
na chini yake, kwa Kiswahili cha jikoni:
maji ya vioo matamu, ya watu chumvi,
brashi imelambwa, riyali tano,
ng'ombe wawili, droo.
Jina la Nyawa sikulitia.
Nikajaza mpaka nyuma ya karatasi,
wino ukapenya upande wa pili
ukagusa kile kisanduku cha Ndiyo.

"Hii ni nini?"
Ni majibu yao.
"Nani ataisoma huko makao makuu?"
Mtafuteni, nikasema. Na mumlipe kwa wakati.

Nje, Nyawa alikuwa amechutama
kwenye kivuli chembamba cha kioo,
akisubiri mwenzake aitwe.
Nilikuwa na chupa mbili za mle ndani, bado baridi.
Niliona haya kumpa moja.
Nikampa zote mbili, na haya yenyewe
nikarudi nayo Maskati.